GHOROFA ZA KARIAKOO ZIHESABIWE KWA WATU

Jiji la Dar es Salaam linakua, na hapana mtu awezaye kulizuia. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 wakazi wake walikuwa 272,821. Katika sensa ya mwaka 2022 walifika 5,383,728. Watu wote hao wanahitaji mahali pa kulala, na wengi wao hutafuta riziki katikati ya mji: bandarini, maofisini, na zaidi Kariakoo. Kwa hiyo kuamua nyumba za namna gani zijengwe karibu na kitovu cha mji, na zijengwe kwa ajili ya nani, si kazi ya wapima ardhi na wachora ramani peke yao. Ni jambo la kila mwananchi anayedamka saa kumi za usiku kule Chanika au Mbagala ili awahi kufungua biashara yake Kariakoo.

Twasema tangu mwanzo kwamba hatupingi ghorofa. Ardhi ya Kariakoo haiongezeki, na mahali palipokuwa na nyumba moja ya vyumba sita paweza kukaa jamaa nyingi wakipandishwa juu. Kukataza ghorofa karibu na mji ni kumwamuru mtu wa kipato kidogo akae mbali na kulipa nauli kila siku ya maisha yake. Tunalouliza ni hili: ghorofa hizi zinazopanda kila mwezi, ni watu wangapi wanaolala ndani yake?

Mji huu una historia ndefu ya kanuni za kugawa maeneo, na yafaa ikumbukwe. Wajerumani, katika amri yao ya ujenzi ya mwaka 1891, waliugawa mji kwa namna ya nyumba: huku nyumba za Kizungu tu, kule nyumba za mawe, na kwingine nyumba za udongo na makuti. Waingereza wakaendelea na kanda tatu. Uzunguni ikawa ya Wazungu, Uhindini ya Wahindi, na Kariakoo ikawa ya Waafrika. Katikati ya hizi mbili za mwisho uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi. Halafu ukaja mpango wa jiji wa mwaka 1949, nao ukabadili maneno. Haukutaja tena rangi ya mtu, bali ulitaja wingi wa nyumba: maeneo ya nyumba chache, ya nyumba za wastani, na ya nyumba nyingi. Lakini kila mtu alijua maana yake. Oyster Bay ilikuwa ya nyumba chache, Upanga ya wastani, na Kariakoo, Ilala na Magomeni zilikuwa za nyumba nyingi. Jina lilibadilika, ukuta ukabaki palepale.

Ukuta ule wa rangi ulivunjwa. Ukuta unaojengwa leo ni wa fedha, na unajengwa kimya kimya.

Wazee wanaijua nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, akapangisha vilivyobaki. Kwa njia hiyo mchukuzi, mshonaji na mjane mchoma maandazi waliweza kuishi hatua chache kutoka sokoni. Nyumba ile ilikuwa na upungufu mwingi, lakini ilibeba watu wengi kwa kodi waliyoiweza, tena bila kanuni yoyote kuiamuru ifanye hivyo.

Sasa nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya moja. Mara nyingi mwenye kiwanja huingia ubia na mwenye mtaji: mmoja hutoa ardhi, mwingine hutoa fedha, kisha hugawana ghorofa. Hatuoni ubaya katika ubia huo. Lakini chumba cha duka kinalipa kuliko chumba cha kulala, na stoo ya mizigo haigombi wala haichelewi kulipa kodi kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto. Basi chini huwekwa fremu za maduka, na juu yake huwekwa stoo na maduka mengine. Twaliita eneo la majengo marefu, na ni kweli. Lakini majengo kuwa mengi si watu kukaa.

Tena kanuni inayohesabu ghorofa tu, bila mkaguzi wa kuifuata, imetugharimu roho za watu. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Lilikuwa limepita idadi ya ghorofa iliyoruhusiwa. Jumamosi ya Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo, katika Mtaa wa Mchikichi na Congo, liliporomoka asubuhi watu wakiwa kazini, likaua watu wasiopungua 29. Tumefundishwa tangu utoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku zile mbili ukuta haukungoja kujengwa upya, uliwaangukia watu.

Wako watakaosema: basi zipigwe marufuku ghorofa zote. Hiyo ni kumwadhibu mpangaji kwa kosa la mjenzi. Wako pia watakaosema kwamba Kariakoo ni soko na soko si mahali pa kulala. Na watatukumbusha kwamba Soko Kuu, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, liliteketea kwa moto Julai 10, 2021. Hoja hii ina uzito. Hakuna mzazi apendaye kumlaza mwanawe juu ya marobota ya nguo. Lakini jibu lake ni ngazi ya wakazi iliyotengwa na ya maduka, ni stoo kutokuwekwa chini ya vyumba vya kulala, ni njia ya gari la zimamoto kutozibwa na meza za biashara. Mtaa usiolaliwa na mtu hauna wa kupiga kelele moto unapoanza.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezekani. Magomeni Kota, kaya 644 ziliondolewa katika nyumba za chini zilizobomolewa, zikahangaika miaka mingi. Lakini mwaka 2022 majengo ya ghorofa yalifunguliwa mahali palepale, na waliohamishwa wakakabidhiwa makao humo. Ucheleweshaji ule tusiuige. Lakini shabaha ile, ya mkazi wa zamani kurudi penye kiwanja chake cha zamani, ndiyo shabaha inayofaa.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni za katikati ya jiji ziandikwe hivi. Kwanza, kila jengo refu jipya la Kariakoo liwe na sehemu maalumu ya ghorofa zake iliyo makao ya watu, na sehemu hiyo isigeuzwe stoo baada ya kibali kutolewa. Pili, mwenye kiwanja wa zamani aelezwe haki yake kabla ya kutia sahihi. Sheria ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Asiridhishwe na ahadi ya mdomo. Tatu, idadi ya ghorofa ifuate uwezo wa maji, mifereji ya maji machafu na upana wa barabara. Nne, kibali kibandikwe mbele ya jengo, kwa Kiswahili, kionyeshe idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, ili hata mpita njia aweze kuhesabu. Na mkaguzi anayeona ghorofa ya ziada akafumba macho, ashtakiwe pamoja na mjenzi.

Halmashauri ya Jiji inao wataalamu na inazo sheria. Kilichobaki ni kuamua nani anahesabiwa. Waliohesabu kwa rangi waliuharibu mji huu kwa miaka mingi. Tukihesabu kwa fremu na stoo peke yake, tutaumaliza.