Baridi ya Julai Haimvizii Mtu

Juni ikikaribia kila mwaka, wauza mitumba wa Ngara hupanga upya bidhaa zao. Blauzi nyepesi hurudi ndani ya mafurushi, na juu ya turubai hupanda majaketi mazito, sweta za sufu, soksi ndefu na zile kofia za kufuma ambazo Nairobi nzima huziita mavini. Wachuuzi hawa hawajasomea hali ya hewa. Wanajua tu kwamba mteja yu njiani, na atafika akitetemeka. Inashangaza basi kwamba mtu wa turubai hujiandaa kwa baridi mapema kuliko mwenye jengo la ghorofa kumi na tano lililo karibu na hapo, Parklands.

Baridi yenyewe haina siri. Nairobi imekaa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ingawa ikweta iko karibu, kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki huleta mawingu mazito ya chini yanayoweza kulifunika jiji kutwa nzima. Siku kama hizo joto la mchana hukwama chini ya nyuzi 20, na usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi, pengine chini zaidi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner, hutangaza utabiri wa msimu huu mapema, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuna anayeweza kudai hakuambiwa.

Mgeni kutoka London husikia nyuzi 10 akacheka. Mpe usiku mmoja katika fleti ya Parklands. Kwao baridi ya nje huishia mlangoni; akiingia ndani anavua koti. Hapa anayeingia ndani hulivaa. Sakafu ni ya vigae, dirisha ni kioo kutoka juu hadi chini, upepo unapita chini ya mlango, na hakuna chochote ukutani cha kupasha chumba joto.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nyumba za mawe zilizojengwa Parklands enzi za ukoloni, zile bangaloo zenye kiwanja kikubwa na miti ya jakaranda, nyingi zilikuwa na meko ya kuni sebuleni na dohani juu ya paa. Waliozijenga waliihesabu Julai kuwa sehemu ya mwaka. Leo bangaloo hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine kando ya barabara za Parklands Avenue, na mahali pake panaota minara. Vipeperushi vya mauzo husifu lifti, jenereta, ukumbi wa mazoezi na bwawa la kuogelea. Bwawa hilo Julai huwa halina mtu. Kuhusu namna mkazi atakavyopata joto au maji moto wiki ambayo jua halionekani, vipeperushi havisemi.

Tuseme wazi: maandalizi ya baridi jijini yameachiwa mpangaji, ilhali vitu vinavyoamua kama atakuwa salama viko mikononi mwa mwenye nyumba. Nyaya ni zake, na mtambo wa maji moto ni wake. Yeye ndiye aliyechagua madirisha.

Paani panatosha kuonyesha hali ilivyo. Mwaka 2012 serikali ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe mitambo ya sola ya kutosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo ya mwaka. Majengo yaliyokuwa yamesimama tayari yalipewa miaka mitano. Utekelezaji ulisuasua, lakini matangi ya sola sasa ni kitu cha kawaida juu ya mapaa ya Parklands na Westlands. Kuwa na tangi ni jambo moja, kulitunza ni jingine. Vumbi la barabara na ujenzi hutanda juu ya vioo. Maji ya visima huacha magamba meupe kwenye koili ya umeme iliyomo ndani ya tangi, ile ya kusaidia siku za mawingu, hadi inapata joto kupita kiasi, inaungua, na maji yanabaki vuguvugu. Mara nyingi hakuna anayepanda kuangalia mpaka mpangaji wa ghorofa ya nane apige simu Julai, tena asubuhi, na povu la sabuni likiwa kichwani.

Kisha kuna jua lenyewe. Juni jua huwa limehamia kaskazini. Mchana likiwa juu kabisa, mtu wa Parklands huliona limeinama karibu nyuzi 25 kutoka utosini, upande wa msitu wa Karura ulio kaskazini. Paneli iliyofungwa ikiangalia kusini, kwa kuwa tu paa lilielekea huko na fundi hakutaka kazi ya ziada, hupata jua pungufu miezi ileile ambayo maji moto yanatakiwa kuliko wakati mwingine wowote. Kinachosahaulika zaidi ni kivuli cha jirani. Jengo lenye urefu wa mita 60 hutupa kivuli cha mita 27 hivi kuelekea kusini saa sita mchana mwishoni mwa Juni, na asubuhi na jioni kivuli hicho hurefuka zaidi. Familia iliyobaki kwenye bangaloo yake na kujengewa mnara upande wa kaskazini haikupoteza mandhari tu. Imeondolewa pia maji moto ya msimu wa baridi, na hakuna kikao cha kuidhinisha ramani kinachoonekana kuliuliza jambo hilo.

Sola ikishindwa, watu hugeukia shawa za umeme zinazopasha maji papo hapo. Hapa ndipo fundi wa bei rahisi anapohatarisha maisha ya watu. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 23 hivi kwenye umeme wetu wa volti 240. Inahitaji kebo yake yenyewe iliyo nene, breka yake, waya wa ardhini uliofika ardhini kweli, na kifaa cha kukata umeme pindi unapovuja. Badala yake, katika nyumba nyingi imeunganishwa kwenye nyaya za milimita 2.5 za mraba zilizokusudiwa soketi za redio na pasi. Ukifungua kifuniko cha swichi kama hiyo baada ya miaka miwili utakuta plastiki imekuwa kahawia, imekunjamana, na shaba imeingia weusi. Wapo watu wazima jijini, wenye shahada na gari, ambao hawathubutu kuoga bila patapata za mpira kwa sababu mfereji huwatekenya vidole. Wamezoea. Mtekenyo huo ni umeme unaovuja ukitafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyo karibu ni mwili wa anayeoga.

Vipi kuhusu hita ya chumbani? Ina nafasi yake, hasa penye mtoto mchanga au mzee, lakini hesabu yake ni nzito. Hita ya wati 2,000 ikiwashwa kwa saa nne kila usiku hutumia uniti 240 kwa mwezi. Katika viwango vya umeme vilivyoanza Aprili 2023, nyumba inayopita uniti 100 kwa mwezi huingia daraja la juu kabisa la matumizi ya nyumbani. Yaani hita peke yake inaivusha nyumba mstari huo zaidi ya mara mbili, kabla friji na taa hazijahesabiwa. Na ikichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba ya barabarani, pamoja na birika na pasi, gharama inaweza kuwa moto wenyewe.

Asiyeweza kumudu tokeni za umeme huo ana jiko la makaa.

Kila msimu wa baridi hutokea vifo vya watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Wahanga wengi si wazembe. Wanajua moshi ni mbaya, kwa hivyo huwasha makaa nje, wakasubiri mpaka yakolee na moshi uishe, ndipo wakaliingiza jiko ndani wakiamini hatari imepita. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoendelea kutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni homa, hujifunika blanketi na kulala. Anayekutwa katika hali hiyo atolewe nje penye hewa mara moja na kukimbizwa hospitali akapewe oksijeni. Maziwa na maji baridi havisaidii kitu.

Wengi husoma habari hizo wakidhani zinahusu mitaa ya mabanda pekee, pengine Deep Sea iliyo bondeni upande wa Highridge, ambako ukuta wa bati hupoa mara tu jua linapotua. Lakini tembea Parklands saa tisa usiku wa Julai. Kwenye lango la jengo lenye fleti 60 kuna kibanda cha askari: bati pande zote, kidirisha kimoja, kiti cha plastiki na debe la rangi lililotobolewa matundu likawa jiko. Manyunyu yakizidi, askari huvuta mlango. Nyuma ya bangaloo iliyo mkabala kuna SQ, chumba cha mfanyakazi wa nyumbani, chenye dirisha dogo lililozibwa kwa gunia. Hao ndio walio karibu na kifo cha jiko katika mtaa wenye hospitali kubwa kama Aga Khan na M.P. Shah. Mwenye jengo anayeshindwa kumnunulia mlinzi wake koti zito na kumwekea taa ya kupasha joto iliyofungwa na fundi halali hana haki ya kusikitika baadaye.

Polisi na madaktari hutoa onyo kila mwaka: msilale na jiko. Ni onyo la kweli na lirudiwe. Kasoro yake ni kwamba humwendea mtu asiye na hiari nyingi, likampita yule aliyejenga chumba kisicho na tundu la hewa. Madirisha ya chuma ya zamani yalikuwa na ukanda wa matundu juu, usiofungika. Ndani ya chumba, ukanda huo uliwaudhi watu, wakauziba kwa magazeti; lakini ulikuwepo. Mengi ya madirisha mapya ya alumini ya kusukuma hayana ukanda huo, na yakifungwa yamefungwa kweli. Katika chumba kisichowashwa moto wowote, si vibaya kuziba upepo wa chini ya mlango na kushusha pazia nzito. Panapowaka makaa au gesi, matundu ya hewa yasiguswe. Mtambo wa gesi wa kupasha maji nao haufai kuwekwa ndani ya bafu.

Uingereza, kwa kanuni za 1998, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuleta fundi wa gesi aliyesajiliwa kila mwaka akague vifaa vya gesi alivyoviweka, na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Tangu Oktoba 2022, katika England, vyumba vyenye mtambo wa kudumu wa kuchoma gesi, mafuta au kuni, ukiacha jiko la gesi la kupikia, lazima viwe na king'ora cha kaboni monoksidi. Wakenya wanaoishi huko wanamjua vizuri fundi huyo anayebisha hodi kila mwaka. Wenzetu hawakupata utaratibu huo kwa hisani ya wenye nyumba. Uliwekwa na sheria.

Kuna watakaosema Nairobi haina mitambo ya kupasha nyumba nzima, na baridi yetu ni ya miezi mitatu tu. Miezi mitatu ni robo ya kodi ya mwaka, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuisamehe. Kuhusu mitambo, kanuni ya Kenya haihitaji kunakiliwa kutoka England; ifuate vitu tulivyonavyo, yaani nyaya za shawa, matangi ya sola, matundu ya hewa na vibanda vya walinzi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitumika zaidi ya nusu karne, na Kanuni mpya ya Kitaifa ya Ujenzi ilianza kutumika 2025. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ina wakaguzi. Wakitumwa Mei, mvua za masika zinapoelekea kwisha, watakuta makosa ambayo hayajaua mtu bado.

Vyama vya wakazi vya Parklands vina sauti, na vimezoea kuandika barua kuhusu kelele, maegesho na minara mipya. Viongeze jambo hili. Na mpangaji anapolipa kodi ya Mei, amwulize mwenye nyumba ni lini nyaya za shawa zilikaguliwa mara ya mwisho, na kama fundi aliyezikagua ana leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Asipopata jibu, aulize tena kwa maandishi na abaki na nakala.