Neno la Mhariri: Kabla ya Kujenga Ukuta

Mtu akitaka kulinda mali yake katika nchi hii, wa kwanza kuitwa ni fundi wa matofali. Ukuta unapanda, juu yake vinapachikwa vipande vya chupa au seng'enge, geti linachomelewa, na mlinzi anatafutiwa kiti cha plastiki pembeni. Mwenye uwezo anaongeza kamera. Tathmini ya hatari, kama ipo, huandikwa mwisho, ili bima ikubali. Toleo hili limeandaliwa kubishana na utaratibu huo. Tunachodai ni kwamba kazi ya kwanza ni kujua nani huwa pale, saa ngapi, anaona nini, na akishaona apeleke wapi habari. Ukuta utafuata, na kuna mahali hautahitajika kabisa.

Tumeanzia Somanga, mji mdogo wa Wilaya ya Kilwa ulio kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, kwa sababu pale vitu viwili visivyofanana vinalindwa kwa viwango viwili tofauti. Cha kwanza ni gesi. Bomba kutoka kisiwa cha Songo Songo linapita chini ya bahari kwa takribani kilomita 25, linaibukia nchi kavu Somanga Fungu, kisha linakwenda zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo. Gesi hiyo imekuwa ikizungusha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam tangu 2004. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la serikali kutoka Mtwara, la inchi 36, na tawi lake la Songo Songo likaungwa nalo hapohapo Somanga Fungu. Mitambo ya namna hii hukaguliwa kitaalamu: thamani yake inajulikana, vitisho vinaorodheshwa, udhaifu wa kila ingilio unapimwa, na kila mwaka kuna mtu anayelipwa kupitia orodha hiyo.

Cha pili ni abiria. Basi likipunguza mwendo Somanga, kina mama na vijana wanalikimbilia wakiwa na mabeseni ya samaki wa kukaanga, pweza, mihogo na korosho zilizofungwa kwenye vijimfuko. Mikono inapanda hadi madirishani, chenji inarudi basi likiwa limeshaanza kuondoka. Nyuma yao kuna mabanda ya mama lishe, bodaboda wanaosubiri anayekwenda vijijini, na vijia vya kuelekea dikoni. Hapa hakuna aliyewahi kuleta orodha. Ukiuliza hatari ya mahali hapa ni ipi, utajibiwa kwamba kuna kituo cha polisi.

Elimu ya kuzuia uhalifu kwa kupanga mazingira ilianzia Marekani. Mwaka 1961 Jane Jacobs aliandika kwamba mtaa unalindwa na macho ya watu wanaoutumia kabla haujalindwa na polisi. Mwaka 1971 C. Ray Jeffery aliipa fani hiyo jina, na 1972 Oscar Newman akaeleza kwa nini majengo marefu yenye korido zisizo na mwenyewe yaligeuka maficho ya wahalifu. Siku hizi kuna hata mwongozo wa kimataifa wa ISO wa 2021. Umoja wa Mataifa nao, kupitia shirika lake la makazi, ulianzisha mpango wa miji salama mwaka 1996 kwa ombi la mameya wa Afrika, na Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuingia. Tunataja haya ili msomaji asidhani ni ndoto ya mhariri.

Lakini mtu wa Kilwa hahitaji kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Avuke tu maji aende Songo Mnara, mji wa mawe wa karne ya 14 hadi ya 16. Katika magofu yale nyumba nyingi zina ua wa kuingilia ulioshuka chini kidogo, wenye ngazi pana, na wanaakiolojia wanaamini kwamba mgeni alipokelewa hapo kabla ya kuruhusiwa kufika vyumba vya ndani. Mfanyabiashara wa pwani aliishi kwa wageni. Asingeweza kuwafungia mlango. Akajenga nyumba yenye daraja: huyu anaishia uani, huyu anaingia sebuleni, yule wa damu ndiye anayeona chumba cha mwisho. Miji mingine ya pwani ikaongeza baraza ya nje, ambapo wazee walikaa alasiri hadi magharibi na hakuna aliyepita bila kutoa salamu. Salamu ile ilikuwa ukaguzi. Ukishasema unatoka wapi na unakwenda kwa nani, umeshaandikishwa.

Ng'ambo nyingine ya hadithi hiyo iko Kilwa Kisiwani. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji, wakapora, wakajenga ngome. Kufikia 1512 walikuwa wameshaondoka. Ngome ilikuwa imara kwa mawe, lakini ilisimama katikati ya watu wasio na sababu yoyote ya kuitakia mema. Boma lionekanalo leo lilijengwa upya baadaye, wakati wa Waomani. Kila ninaposikia mradi mpya unaanza na bajeti ya uzio, hukumbuka miaka ile 7.

Wenye bomba la gesi, kwa kweli, wamelielewa hili kuliko wengi. Mkuza wa mamia ya kilomita hauzungushiwi ukuta. Unapita mashambani, kando ya mikorosho na minazi, na aliye karibu nao kila siku ni mkulima. Ndiyo maana Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likizishirikisha serikali za vijiji katika kuulinda. Ghasia za Mtwara za 2013, za kupinga bomba hilo la gesi kwenda Dar es Salaam, zilikuwa zimeshafundisha kwa gharama kubwa kwamba mwananchi anayeamini gesi inampita tu hawezi kuwa mlinzi wake. Swali ambalo waandishi wetu wanalirudia katika kurasa zinazofuata ni jepesi: ikiwa mkulima anaaminiwa kuwa jicho la bomba, kwa nini muuza samaki haaminiwi kuwa jicho la stendi?

Badala ya kuaminiwa, anapakiwa X nyekundu. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Sababu zake zinaeleweka: ajali, upanuzi wa barabara, mitaro. Hatupingi sheria. Tunachopinga ni kubomoa vibanda bila kuuliza vilikuwa vinafanya kazi gani nyingine. Kibanda cha chai kinachofungwa saa nne usiku kina taa, kina mtu, kina wateja wanaojuana. Kikiondolewa, kinabaki kipande cha giza chenye upana wa mita 30 ambacho abiria anayeshuka na begi lake lazima akivuke peke yake. Operesheni ya kuwapanga machinga ya Oktoba 2021 ilizaa vipande vingi vya namna hiyo mijini, na sikumbuki kusikia mtu akihesabu macho yaliyoondoka pamoja na meza.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu 2023, serikali ilipoondoa katazo la mabasi kusafiri usiku lililodumu tangu miaka ya 1990. Stendi za njiani zilizokuwa zinalala mapema sasa zinapokea watu usiku wa manane. Jibu la haraka ni taa, na taa zinasaidia kweli: jaribio la mwaka 2016 katika makazi ya umma ya New York lilikuta kwamba uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takribani asilimia 36 palipowekwa taa za ziada. Ila yale ni makazi ya watu maelfu, wenye madirisha yanayotazama nje. Taa inayomulika uwanja mtupu inamsaidia mwizi kuona kufuli. Kwa Somanga mpango wenye akili ungeanza na kuwapanga wauzaji mahali basi linaposimama, nje ya njia ya magari, choo kikiwa upande wenye watu na si nyuma ya miti, maegesho ya bodaboda yakitazama mlango wa choo hicho, kisha taa iwekwe juu ya yote hayo. Gharama yake haifiki hata robo ya ukuta.

Kuna wasomaji watakaosema tunayasifu macho ya watu kupita kiasi. Wana haki, na ndiyo sababu nusu ya toleo hili inahusu mahali macho yaliposhindwa. Chukua uvuvi wa baruti, ulioutesa mwambao huu kwa miongo mingi. Hakuna uhalifu unaojitangaza zaidi ya huo. Mlipuko unasikika kijiji kizima. Samaki waliovunjika mifupa wanafika dikoni mchana kweupe na mnunuzi anawatambua kwa kuwabonyeza kidole. Kila mtu alijua. Lakini mlipuaji alikuwa jirani, au mdeni, au mwenye mtaji uliowalisha wengine, na aliyethubutu kusema hakuwa na uhakika kama jina lake lingebaki siri. Vikundi vya BMU vya kusimamia rasilimali za bahari vilikuwepo kisheria, ila kikundi kisicho na boti wala mafuta kinabaki kuandika mihtasari. Milipuko ilianza kupungua kwa kiasi kikubwa baada ya 2015, vyombo vya dola vilipounganisha nguvu na kuwafuata pia wanaoleta baruti zenyewe. Macho yalikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni mahali salama pa kupeleka yaliyoonekana.

Kibiti, kaskazini ya Somanga kwenye barabara hiyohiyo, ilitufundisha somo hilo kwa damu. Askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa tarehe 13 Aprili 2017, na kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji walifuatwa usiku majumbani mwao. Mwaka huohuo bodaboda walipigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Hali ilikuwa mbaya na sitawahukumu waliotoa amri ile. Hata hivyo mtaalamu wa mazingira salama lazima aandike pembeni kwamba amri ya kuwaondoa watu barabarani ni dawa ya siku chache. Barabara isiyo na mtu inakuwa mali ya yule asiyetii amri.

Na macho yana kosa jingine ambalo magazeti yetu hulificha kwa sentensi moja: "wananchi wenye hasira kali." Kijiji kinachoona sana bila kuwa na mtu wa kukabidhiwa mshukiwa kinageuka mahakama na mnyongaji kwa dakika 10. Mpangilio wa mazingira usiotaja polisi kata, mgambo, mwenyekiti wa kitongoji na namba ya simu inayopokelewa ni mpangilio wa hatari. Tunalisema hili kwa wale wanaodhani ulinzi shirikishi maana yake ni kuwapa vijana marungu.

Tathmini nzuri pia ina kalenda. Somanga ya msimu wa ufuta, maghala yakijaa na malipo yakishuka, si Somanga ya Machi. Korosho zikianza kuuzwa kuanzia Oktoba, sura mpya zinaongezeka na bodaboda wanabeba fedha taslimu. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara katika maeneo kadhaa ya Kilwa, Somanga ikiwemo, magari yalikwama pande zote mbili na wasafiri wakalala njiani, wengine na watoto wadogo. Nani alijua walipo? Kulikuwa na maji, choo, mwanga? Mtathmini aliyefundishwa kumtafuta mwizi tu hayaoni maswali haya, na hatari kubwa ya mahali ikaja na mto.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba tungeanza toleo na Dar es Salaam, kwenye kuta ndefu na kamera nyingi. Nimekataa. Dar es Salaam imeshajengwa, na kubomoa kosa ni ghali. Kilwa bado inajengwa. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko Septemba 2023, na bandari huja na malori, vyumba vya kupanga, wageni, baa na mabinti wanaotembea gizani kurudi kutoka kazini. Barabara za mitaa hiyo mipya bado ni mistari kwenye ramani. Kona bado inaweza kusogezwa kwa kalamu.

Kwa hiyo ombi letu kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa na kwa Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) ni hili: kabla ya kupitisha ramani nyingine ya stendi, soko au mtaa katika mwambao huu, waiteni mezani mama lishe 2, dereva wa bodaboda, mvuvi, mwanafunzi wa kike wa sekondari na polisi kata, muwaoneshe ramani hiyo, kila mmoja aweke alama pale asipopita usiku. Alama hizo ziambatishwe kwenye nyaraka za zabuni, na mkandarasi asilipwe hadi aonyeshe alichofanya kwa kila moja. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi kwa majibu yenu.