Vilabu vya rasilimali watu vyuoni na kitendawili cha Kilimarondo

VILABU vya wanafunzi wanaosomea usimamizi wa rasilimali watu vimekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya vyuo nchini. Shughuli zake zinafahamika: kualika maofisa utumishi, kufundishana uandishi wa wasifu, kuigiza usaili na kuandaa siku ya ajira ambayo kila mwanachama huvaa suti. Katika yote hayo hoja kuu ni moja, namna ya kupata kazi. Namna ya kumfanya mtumishi abaki pale alipopangiwa huguswa kwa nadra.

Hilo halishangazi. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa Idara ya Uhamiaji uliokuwa na nafasi 70. Mwanafunzi aliyeyashuhudia hayo hawezi kulaumiwa akihangaikia kwanza wasifu wake.

Hata hivyo, taaluma hii haikuletwa nchini kwa ajili ya mwombaji kazi pekee. Mzumbe, ambacho leo ni chuo kikuu, kilianza mwaka 1953 kama shule ya kuandaa watendaji wa serikali za mitaa. Na ni huko wilayani ambako kitendawili kipo.

Kata ya Kilimarondo, wilayani Nachingwea, ni ya wakulima, na mahitaji mengi ya mtumishi, kuanzia hospitali ya wilaya hadi ofisi ya mwajiri wake, yako Nachingwea mjini. Mwalimu au mganga anayepangiwa kata za namna hii huripoti, husaini, kisha mara nyingi huanza kutafuta uhamisho. Sababu si ngeni: nyumba hakuna, posho ya kujikimu imechelewa, mwenzi wa ndoa amebaki mjini, barabara haipitiki masika. Wanaobaki hugawana vipindi vya aliyeondoka.

Serikali imejaribu kuziba mapengo kwa njia tofauti. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi katikati ya miaka ya 2000, walimu wa mafunzo ya muda mfupi, ambao mitaani walibatizwa jina la “Vodafasta”, walipelekwa madarasani. Mwaka 2017 uhakiki uliwabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa. Uhakiki huo ulikuwa wa lazima, lakini ulihesabu karatasi. Haukuuliza nani alihama kijijini na kwa nini, na uliacha mapengo mapya katika shule na zahanati.

Nachingwea inaijua vizuri mipango inayobuniwa mbali na watu wake. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuifanya wilaya hiyo kuwa moja ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo, uliachwa mwaka 1951 kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Matrekta yalikuwapo, hata reli kutoka Mtwara ilijengwa.

Mfano wa kinyume ulitoka kwa mtu wa jirani. Taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 na hayati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ilipeleka wataalamu wa afya katika wilaya za pembezoni kwa mikataba yenye motisha, na baadaye ikajenga nyumba za watumishi wa afya vijijini. Ilitambua kwamba barua ya ajira bila mahali pa kulala haimzuii mtu kuondoka.

Hapo ndipo klabu ya wanafunzi ingeweza kuwa na kazi ya maana. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Mtwara. Kutoka huko hadi Nachingwea ni safari ya basi kupitia Masasi. Wanafunzi kumi, wakikaa wiki mbili, wangeweza kuorodhesha kwa kila kata wangapi waliripoti, wangapi waliondoka na baada ya miezi mingapi. Fulana za siku ya ajira huenda zinagharimu zaidi ya hapo.

Majalada ya watumishi ni ya siri, na hakuna ofisa utumishi atakayemfungulia mwanafunzi kabati. Lakini idadi haina jina la mtu, walimu wakuu na waganga wafawidhi huzikumbuka sura za waliohama, na wengi wa hao waliohama bado wanapatikana kwa simu.