Vijiji vya Mlima Hanang' Vipewe Mkataba: Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi, TFS

Ndugu Kamishna,

Nakuandikia kutoka Katesh kuhusu Mlima Hanang', hifadhi ya mazingira asilia iliyo mikononi mwa wakala unaouongoza, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ombi langu ni moja: vijiji vinavyouzunguka mlima huu vipewe mkataba wa usimamizi wa pamoja, uliosainiwa na kugongwa mhuri, unaosema waziwazi kila upande una haki gani na wajibu gani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeuruhusu. Kama kipo kijiji chenye rasimu au mkataba wa zamani, nao utolewe kabatini usomwe upya mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Mlima wetu una urefu wa zaidi ya mita 3,400. Pande zinazopata mvua zimefunikwa na msitu mzito. Magharibi kumekauka, ni vichaka na nyasi. Mlimani humu wanaishi pongo, nguruwe pori, nyani, pimbi na ndege wengi wa msituni. Kinachonitia hofu ni kwamba wanyama hao hawana pa kwenda. Wilayani Mbulu, msitu wa Marang uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, hivyo tembo anaweza kushuka na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa bila kutoka ndani ya hifadhi. Hanang' umebaki peke yake. Ukivuka bikoni za mpaka tu uko katikati ya mahindi, alizeti na mbaazi. Pongo akifukuzwa na moto hapa, hakuna msitu wa pili wa kumpokea, na akiisha hakuna wa kutoka kwingine kuja kujaza nafasi yake.

Moto huo tunajua unakoanzia. Mrina asali anaacha kijinga kikiwaka chini ya mti, au mchungaji anachoma nyasi kavu ili zichipue mapema. Kuna wanaopanda na mashoka usiku. Na kuna ng'ombe, ambao ndio hugombanisha askari wako na vijana wetu kila kiangazi.

Kuhusu ng'ombe naomba unisikilize kwa kituo, maana historia yake haimo kwenye ripoti za doria. Tambarare za Basotu, hapa wilayani, zilikuwa malisho bora ya wafugaji wa Kibarabaig. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zililimwa ngano, na kwa msaada wa Kanada shirika la umma la kilimo, NAFCO, likafikisha mashamba saba, yapata ekari 100,000. Matrekta yalipita hata juu ya makaburi ya wazee. Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi ule. Familia nyingi zilihama na mifugo yao hadi mikoa ya mbali. Waliobaki, nyasi zikiisha bondeni, huinua macho mlimani. Simtetei anayeingiza mifugo msituni; miche inayokanyagwa ni maji ya watoto wetu. Nasema tu kwamba faini haioti nyasi, na mtu asiye na pa kulisha atarudi wiki ijayo kwa njia nyingine.

Kisha likaja la Desemba. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka juu ya Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu 89 walipoteza maisha. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikaporomoka. Sitadai kwamba msitu mzito zaidi ungelizuia janga lile; mwamba ulioachia kwa ndani haushikwi na mizizi. Lakini maporomoko yameacha udongo mtupu, na kingo za makorongo zikiachwa hivyo kila mvua itazila. Hapo mizizi ina kazi. Miche ya asili ioteshwe na vikundi vya kina mama wa vijiji hivi hivi, kwa mbegu za mlima huu huu, nao walipwe kwa mche uliopona na si kwa mche uliopandwa siku ya picha.

Kwamba wanavijiji wanaweza kulinda msitu si jambo la kubahatisha hapa Manyara. Jirani zetu wa Babati wana msitu wa Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa inajiandaa kuufanya hifadhi yake. Watu walipoona msitu unawaponyoka, wakaanza kuukata mbio mbio kabla haujafungwa. Mwaka 1994 mpango ule ukageuzwa: vijiji vinane vikakabidhiwa sehemu zao, vikatunga sheria ndogo na kuteua walinzi wao wenyewe. Msitu ukaanza kurudi. Uzoefu wa vijiji hivyo ulichangia Sera ya Misitu ya 1998 na hiyo sheria ya 2002 unayoisimamia leo.

Hanang' ni hifadhi ya Taifa zima, sitaki igawanywe. Ndiyo maana nasema mkataba wa pamoja. Najua mikataba mingi ya aina hii nchini ilikwama kwenye swali moja, nani anapata nini, kwa hiyo tuanzie hapo. Kijiji kinachotoa walinzi kipate fungu lililotajwa la ada za wapanda mlima na la faini za wahalifu inaowakamata kamati yake ya maliasili. Mizinga iruhusiwe katika ukanda wa pembezoni, ili mrina asali awe wa kwanza kuukimbilia moto. Ng'ombe wasiingie, lakini nyasi za pembezoni zikatwe na kubebwa kwa zamu. Wairaqw wa Kainam, kule Mbulu, wana desturi ya kufuga inayokaribiana na hiyo: mifugo ikilala ndani, majani mengine yakiletewa, samadi ikirudi shambani. Jambo hili si geni kwetu kama inavyodhaniwa ofisini.

Wanyama nao wahesabiwe. Tunaambiwa miti na hekta. Sijasikia mkutano wa kijiji ukisomewa idadi ya pongo. Vijana wetu wanazijua nyayo na wangefundishika upesi.

Uje Katesh, Ndugu Kamishna, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Uje na ramani ya mipaka, rasimu ya mkataba na hesabu za mapato ya mlima, vyote viwe kwa Kiswahili na nakala zibandikwe kwenye ofisi za vijiji wiki mbili kabla. Na mkutano utakapofunguliwa, wazee wa Kibarabaig wapewe nafasi ya kuzungumza kwanza. Mlima huu ni mtakatifu kwao, na mambo wanayotaka yaandikwe mkatabani hakuna mtaalamu atakayewasemea.

Mkazi wa Katesh,
Wilaya ya Hanang'