Mikono ya Mkunga Kwanza, Glavu za Kidijitali Baadaye

Glavu za uhalisia pepe zimeanza kunadiwa kama njia mpya ya kuwafundisha watumishi wa afya. Mwanafunzi huvaa miwani inayomwonyesha wodi ya picha, na akishika kitu kilichomo, glavu huvizuia vidole vyake kana kwamba kitu hicho kipo kweli. SenseGlove ya Uholanzi hufanya hivyo kwa nyuzi zenye breki. G1 ya kampuni ya Marekani ya HaptX, iliyotangazwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola 5,000, huongeza vijifuko vya hewa vinavyobonyeza ngozi. Huo ni uhandisi wa kuheshimiwa. Hata hivyo, kwa mkunga wa kata kama Kwakoa, kwenye tambarare za Mwanga, Tanzania, upande wa Ziwa Jipe, glavu hizi si pa kuanzia, na kikwazo kikubwa kuliko bei ni namna zinavyofanya kazi.

Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mkunga huweka kiganja tumboni kuutafuta mfuko wa uzazi. Ukiwa mgumu, unajikaza vizuri. Ukiwa laini, lazima aukande, pengine aubane kwa mikono miwili. Nguvu hiyo hutoka begani na kupokewa na mwili wa mama. Glavu imefungwa kwenye mkono uleule unaosukuma: inaweza kuvizuia vidole visikunjike, lakini haina pa kujiegemeza ili iuzuie mkono mzima usizame ndani ya tumbo la picha. Anayejifunza hivyo anazoea kusukuma hewa. Na hospitali ya rufaa, KCMC, iko mbali, mjini Moshi. Hadi mama afike huko, uhai wake unategemea mikono ya aliye naye.

Kifaa cha kuvaa kinachofaa tayari kipo, nacho hakina kompyuta. MamaNatalie, kilichobuniwa na Laerdal ya Norwei, hufungwa tumboni mwa mkufunzi, naye huigiza mama huku akiongoza damu bandia na ugumu wa mfuko wa uzazi. Pacha wake, mdoli wa kichanga NeoNatalie, ulitumika katika mpango wa mafunzo ulioanza nchini mwaka 2009. Matokeo ya hospitali nane, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikipungua kwa asilimia 47. Hospitali ya Haydom ilitupa funzo zito zaidi: kozi ya siku moja iliboresha mazoezi kwenye mdoli bila kubadili kazi ya chumba cha kujifungulia, lakini mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini yaliambatana na kupungua kwa vifo. Kifaa ghali kama glavu hizo, cha kufungiwa kabatini kisiharibike, hakiwezi kutumika hivyo.

Wapo watakaosema tunajifungia kwenye midoli wakati wenzetu wanasonga mbele. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa picha hufundisha vizuri mpangilio wa maamuzi; mchezo wa LIFE, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na washirika wa Kenya, hufanya hivyo hata kwa simu. Simu hiyo itumike. Lakini halmashauri ya Mwanga, na ya Same jirani yake, zikipanga bajeti ya mafunzo, kila kituo kinachozalisha kipate kwanza midoli hii miwili, na ratiba ya zamu itenge muda wa kuitumia kila wiki.