Ruzuku kwa Wafanyabiashara: Nani Ahakiki Kabla Fedha Hazijatoka?

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake za ukaguzi, kama Ibara ya 143 ya Katiba inavyoagiza. Mwezi Aprili ripoti hizo hufikishwa bungeni, na kwa muda taifa zima huzungumza habari za hati safi na hati chafu. Kisha unafika Juni, bajeti mpya inasomwa, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mafuta na ya sukari. Katikati ya misimu hiyo miwili lipo jambo moja ambalo waamini wengi hawapati nafasi ya kulitafakari kwa utulivu, nalo ni fedha ambazo Serikali huwapa wafanyabiashara, pamoja na zile ambazo huamua kutozidai kutoka kwao.

Tunaandika makala haya tukiamini kwamba jambo hili si la wachumi peke yao. Linagusa haki, na linagusa riziki ya maskini.

Ruzuku inayoonekana na ile isiyoonekana

Ruzuku ya kwanza wengi wetu tunaifahamu. Tarehe 8 Agosti 2022, katika sikukuu ya Nane Nane jijini Mbeya, Serikali ilizindua mpango wa ruzuku ya mbolea baada ya bei kupanda mno duniani. Mkulima aliyejiandikisha alinunua mfuko kwa bei nafuu, na tofauti ya bei ikabebwa na Serikali kwa kuwalipa wafanyabiashara wa mbolea. Miezi michache kabla ya hapo, Juni 2022, Serikali ilikuwa imeanza kutoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali ya bei ya petroli na dizeli. Katika mipango yote miwili mlengwa alikuwa mwananchi, lakini mkono uliopokea fedha ulikuwa wa kampuni.

Ruzuku ya pili haionekani kirahisi, kwa sababu hakuna hundi inayoandikwa. Ni msamaha wa kodi. Tangu Sheria ya Maeneo Maalumu ya Uzalishaji kwa Mauzo ya Nje ya mwaka 2002, kampuni inayokubaliwa katika maeneo hayo imeweza kusamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya mwanzo. Mama anayenunua kipande cha sabuni dukani hulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, naye hana wa kumwomba msamaha. Hatusemi kwamba msamaha wa mwekezaji ni uovu. Tunasema kwamba kwa zahanati inayongoja dawa, shilingi iliyotolewa na shilingi iliyosamehewa ni kitu kimoja: zote mbili hazikufika.

Wenzetu wa Ulaya wameliweka jambo hili katika sheria. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya iliamua kwamba unafuu wa kodi ambao kampuni ya Apple iliupata nchini Ireland ulikuwa msaada wa serikali usio halali, na ikaagiza kampuni hiyo irejeshe hadi euro bilioni 13. Serikali ya Ireland yenyewe ilipinga uamuzi huo mahakamani, ikishikilia kwamba haikuwa imempendelea mtu. Tarehe 10 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikahitimisha shauri hilo kwa kuuthibitisha uamuzi wa Tume. Hapa lipo fundisho: mtoaji wa unafuu si shahidi wa kutosha wa usafi wake mwenyewe.

Kanisa linasema nini?

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayakatazi Serikali kusaidia biashara. Papa Pio XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kanuni auni: mamlaka ya juu isichukue kazi ambayo mtu binafsi au jumuiya ndogo yaweza kuifanya, bali iisaidie pale inapolemewa. Msaada huo unampasa mlemewa. Mwenye nguvu aliyejua tu mlango wa kubisha hana dai juu yake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus namba 48, aliitaka Serikali iwahakikishie wafanyakazi na wazalishaji usalama wa matunda ya jasho lao, akaonya kwamba rushwa na njia zisizofaa za kujitajirisha ni miongoni mwa vizuizi vikubwa vya maendeleo. Nao Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, namba 355, unaweka masharti ya matumizi ya umma yenye kulenga mafao ya wengi: raia walipe kodi kama wajibu wa mshikamano, mfumo wa kodi uwe wa haki, na mali ya umma isimamiwe na kugawanywa kwa umakini na uadilifu.

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha hoja yetu. Nia njema haitoshi. Wakulima wanakumbuka mpango wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008. Vocha ililipia nusu ya bei, na mkulima alipaswa kulipa nusu iliyobaki. Wapo waliokosa nusu hiyo, wakaziuza vocha zao kwa mawakala kwa fedha kidogo. Vocha ilisainiwa, hesabu ikakamilika, karatasi ikaonekana safi, lakini mbolea haikufika shambani. Aliyeisoma karatasi ile akiwa ofisini asingeweza kuona dosari. Ilihitajika macho ya mtu asiye mtoaji wala mpokeaji.

Mkaguzi anayefika baada ya mavuno

Tanzania inayo macho hayo. Mkaguzi Mkuu amelindwa na Katiba, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali huwaita maofisa kujibu hoja zake. Hata hivyo tunaona mapungufu mawili.

La kwanza ni kwamba uhuru wa ofisi hiyo umewahi kujaribiwa. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, kwa sababu ya maneno yake kuhusu udhaifu wa chombo hicho. Novemba mwaka huohuo akateuliwa mwingine kushika nafasi yake. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Haki ilitamkwa, lakini miaka mitatu ilikuwa imekwisha kupita. Mkaguzi anayejua kwamba ukweli waweza kumgharimu kiti chake anahitaji ulinzi ulio hai, zaidi ya ule wa maandishi.

La pili, ambalo kwetu ni zito zaidi, ni la wakati. Kwa kawaida ukaguzi wa hesabu hufika baada ya fedha kutoka. Unatueleza kilichopotea. Ruzuku ikiwa imekwisha kulipwa, au kampuni ikiwa imekwisha kufaidi miaka yake 10 ya msamaha, ripoti hubaki kuwa kumbukumbu ya majuto.

Hapo mfano wa Uingereza unastahili kutazamwa. Baada ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, nchi hiyo ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Ruzuku ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 4 Januari 2023. Sheria hiyo inamtaka kila mtoaji ajipime kwanza kwa kanuni zilizoandikwa: je, ruzuku inatatua tatizo halisi? Je, kiasi chake kinalingana na tatizo hilo? Je, mpokeaji angefanya jambo lilelile hata bila kupewa? Je, faida yake inazidi madhara kwa washindani wake? Ruzuku kubwa, ambazo sheria ilipoanza zilikuwa kwa kawaida zile zinazozidi pauni milioni 10, lazima zipelekwe kwanza kwenye kitengo maalumu cha ushauri wa ruzuku ndani ya mamlaka ya ushindani. Kitengo hicho hupima tathmini ya mtoaji na kutoa ripoti hadharani kabla fedha hazijatolewa. Ruzuku huandikwa katika daftari la wazi lenye jina la mpokeaji na kiasi alichopewa, na mfanyabiashara aliyeumizwa anaweza kwenda kwenye baraza la rufaa la ushindani.

Utaratibu huo si mkamilifu. Ushauri wa kitengo haumfungi mtoaji, naye anaweza kuusoma na kuendelea na mpango wake. Lakini ataendelea mbele ya macho ya watu, akijua kwamba udhaifu wa hoja zake umekwisha kuandikwa. Aibu ya mapema huokoa fedha ambazo majuto ya baadaye hayawezi kuzirudisha.

Boriti katika jicho letu

Hatuwezi kuyasema haya bila kujitazama. Mwaka 2012 kamati ya pamoja ya viongozi wa dini, iliyowaunganisha Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA, ilitoa utafiti uliokadiria kwamba nchi ilikuwa ikipoteza zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka kwa misamaha, ukwepaji na utoroshaji wa kodi. Ilikuwa sauti ya kinabii. Lakini miaka mitatu kabla yake, mwaka 2009, Serikali ilipopendekeza kuondoa misamaha ya kodi iliyoyahusu mashirika ya dini, viongozi wa dini tulipinga, na Serikali ikarudi nyuma. Tulikuwa na sababu njema: hospitali na shule zetu huwahudumia watu wote. Hata hivyo, hoja tunayowadai wafanyabiashara inatudai na sisi. Anayesamehewa kodi kwa jina la maskini aonyeshe msamaha huo uliwafikiaje maskini. Sheria ya Kanisa, kanuni 1287, inawataka wasimamizi wa mali watoe hesabu kwa waamini juu ya mali ambayo waamini hao wameitoa. Parokia isiyosoma hesabu zake mbele ya waamini haina ujasiri wa kuidai Serikali isome zake.

Mtume Paulo alilifahamu hili. Alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuridhika na usafi wa dhamiri yake. Pamoja na Tito alimtuma ndugu mwingine, aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, asafiri nao wakiwa na mchango huo, ili pasiwepo lawama, na ili mambo yawe mema mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia (rej. 2Kor 8:16-21). Tuangalie wakati: shahidi alichaguliwa kabla ya safari kuanza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Ruzuku na misamaha mikubwa ipimwe na chombo huru kabla ya kutolewa, na maoni yake yatangazwe. Kila mpokeaji atajwe kwa jina, kiasi, sababu na tarehe ya ukomo. Na taasisi za Kanisa zinazofaidika na misamaha ziwe za kwanza kuchapisha taarifa zao, bila kungoja kuamriwa.

Nanyi waamini, ripoti zitakapotoka Aprili ijayo, kamati za Haki na Amani za parokia zizisome pamoja na Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, hata kama ni kurasa chache zinazohusu wilaya yenu. Mbunge atakapofika jimboni, aulizwe kwa heshima: nani alisamehewa, kwa nini, na hadi lini? Swali hilo si uadui kwa Serikali wala wivu kwa mwekezaji. Ni sehemu ya upendo kwa jirani ambaye kodi ya sabuni yake imo ndani ya fedha hizo.