Kitabu Kilicholala Chini ya Kitanda

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya akiba ya nyumbani. Nilipokuwa nikiandika yale, moyo wangu ulinishitaki, kwa sababu ipo akiba moja niliyoipoteza mwenyewe na sikuitaja. Sasa akina mama watatu wameniuliza jinsi ya kutoa kitabu cha hadithi cha watoto, nami siwezi kuwajibu bila kuanza na yaliyonipata.

Mambo yalianza na mtoto mgonjwa. Kijana wangu wa tatu alishikwa na malaria, tukalazwa wiki nzima. Usiku hakupata usingizi, basi nikawa namsimulia kisa cha dada na mdogo wake wanaolinda korosho za bibi yao. Kila asubuhi magunia yanapungua, na aliyechukua haonekani. Nilikuwa nakikata kila usiku mahali pazuri ili kesho aombe tena. Alipopona, hakukubali kisa kiachwe hospitalini.

Nikanunua kaunta buku. Kwa miaka miwili niliandika usiku, watoto wakishalala, kwa taa ya sola. Baba watoto alidhani napiga hesabu za kikoba. Nilipomaliza nikakifunga katika khanga na kukiweka ndani ya sanduku, na kikalala humo miezi sita kwa sababu ya haya. Nani alipata kusikia mama mkulima wa Dutumi ametunga kitabu?

Mwishowe nilikwenda Mlandizi, steshenari, nikachapiwa. Kijana aliyenichapia alisifu hadithi, akasema anamjua mchapishaji mmoja mjini. Nikapanda basi hadi Dar es Salaam na bahasha yangu kifuani kama mama aliyebeba kichanga. Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Yule bwana alifungua mswada katikati, akasoma kama nusu ukurasa, akasema, "Mama, hiki ni kitabu cha shule kabisa. Lete laki nane tu, za uhariri, namba ya kitabu na uchapaji. Baada ya mwezi utakuwa mwandishi."

Hakuniuliza kitabu ni cha watoto wa umri gani, wala hakuuliza kinaishaje. Hilo lingetosha kunishtua. Lakini mtu aliyeandika miaka miwili bila kusifiwa na yeyote, sifa ya dakika tano humlevya.

Laki tatu zilikuwa akiba ya mabati ya jiko. Laki tano nilikopa kwenye kikoba. Baba watoto sikumwambia neno, na katika yote niliyokosea, hilo ndilo kubwa.

Mwezi mmoja ukawa miezi minne. Nilipoletewa vitabu vilikuwa 200. Jalada lilikuwa limepinda. Bibi wa kwenye hadithi aliitwa jina moja mwanzoni na jingine mwishoni, kosa langu mwenyewe ambalo mhariri yeyote angeliona. Namba ya kitabu niliyoilipia haikuwepo. Na katika vitabu vingi, kurasa 33 hadi 48 zilikuwa zimerudiwa mara mbili, na kurasa 49 hadi 64 hazikuwamo kabisa. Nikapiga simu. Mara ya kwanza iliita, baadaye haikuita tena.

Nilipeleka boksi shuleni. Mwalimu alinipokea kwa heshima, akasoma kidogo, akatabasamu. Kisha akasema, "Mama, kisa kinavutia. Lakini hatuwezi kununua kitabu cha ziada ambacho hakijapata ithibati ya Taasisi ya Elimu." Nikarudi nyumbani na boksi kichwani, njia ile ile.

Siri ilifichuka siku mwekahazina wa kikoba alipokuja kuulizia marejesho, akamkuta baba watoto barazani. Aliponyanyuka yule mgeni, mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nikajibu, "Nilijua utanicheka."

Akasema, "Ningecheka, ndiyo. Halafu ningekwenda nawe huko mjini."

Tuliuza ufuta wa mwaka ule kulipa deni. Binti yetu mkubwa alianza kidato cha kwanza na begi la zamani, na jiko likavuja msimu mwingine mzima.

MCHAPAJI SI MCHAPISHAJI

Baadaye ndipo nilipojifunza tofauti ya maneno mawili ambayo wengi tunayachanganya. Mchapaji ni mwenye mashine. Unampa karatasi zako na fedha, naye anakupa nakala. Habari za kuuzwa hazimhusu. Mchapishaji ni mwekezaji. Anausoma mswada wako, akiupenda anatia sahihi mkataba nawe, kisha yeye ndiye anayemlipa mhariri, mchoraji na mchapaji, na yeye ndiye anayeuza. Wewe unalipwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, ambao mara nyingi huzunguka asilimia 10. Akipata hasara, hasara ni yake. Ndiyo maana anachagua sana.

Basi ukimwona mtu anajiita mchapishaji, na neno lake la kwanza ni fedha zako, jua umefika kwa mchapaji, au kwa mtu mbaya kuliko mchapaji.

Sisemi ni dhambi kumlipa mchapaji. Yule mwanamke wa Kiingereza, Beatrix Potter, naye alianza na mtoto mgonjwa. Mwaka 1893 alimwandikia mtoto huyo barua yenye kisa cha sungura na picha zake. Alipokifanya kitabu, wachapishaji kadhaa walikikataa. Desemba 1901 akalipia mwenyewe nakala 250, akawagawia na kuwauzia watu wake. Mwaka 1902 mchapishaji akakitoa, na hadi leo kinasomwa duniani kote. Lakini yeye alijua anachokinunua. Alinunua nakala 250 basi. Mimi nilidhani nimenunua soko, mhariri na ithibati.

KWA NINI WANASITA

Tusiwalaumu wachapishaji upesi. Jiulize, mama mwenzangu, mara ya mwisho ulimnunulia mtoto kitabu cha hadithi lini? Si daftari, wala kitabu cha masomo, bali cha hadithi. Wengi wetu tutainamisha macho. Kwa hiyo soko kubwa la vitabu vya watoto nchini mwetu limekuwa shule, na shule isiponunua kitabu hulala bohari.

Ugonjwa huo ulitambuliwa zamani. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi uliwafundisha waandishi na wachoraji, na mchapishaji aliyetoa kitabu kilichokubaliwa alihakikishiwa wanunuzi. Kati ya nakala 5,000 alizochapa, mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka mashuleni. Vitabu vingi vya Kiswahili vilivyosomwa na watoto wetu vilipita mlango huo. Wanawake walikuwamo mstari wa mbele. Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliandika vitabu vya watoto, na pamoja na mwanamke mwenzake Demere Kitunga akaanzisha kampuni ya uchapishaji ya E & D jijini Dar es Salaam. Kule Kisumu, Asenath Bole Odaga, aliyeanza kutoa hadithi za watoto miaka ya 1960, naye alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Lake Publishers. Alifariki mwaka 2014.

Kwa hiyo usijione kichaa. Waliotutangulia wapo.

LA KUFANYA

Kwanza, msomee mtoto. Vile vitabu vyangu vibovu niliwagawia watoto wa jirani bure. Siku moja binti wa darasa la nne alinirudishia chake, akauliza, "Mama, mbona mwizi tumemjua tangu mwanzo? Wenyewe ndio hawamjui!" Nilitamani kukasirika, lakini alisema kweli. Tena alikuwa amekisoma chote, pamoja na kurasa zilizorudiwa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunieleza kosa hilo. Nikaandika upya sura nne.

Pili, nenda maktaba. Sisi wa huku tunayo ya Shirika la Elimu Kibaha, na ukiwa Dar es Salaam ipo Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Chukua vitabu vya watoto vinavyofanana na chako, fungua ukurasa wa mwanzo, nakili jina na anwani ya aliyechapisha. Hao ndio wa kuwaandikia. Ukimpelekea hadithi ya watoto mtu anayetoa vitabu vya sheria, umepoteza nauli. Na ile namba ya kitabu iitwayo ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mtu asikuuzie kama dawa ya siri.

Tatu, tuma nakala, asili baki nayo. Andika barua ya ukurasa mmoja: kisa kinahusu nini, ni cha watoto wa umri gani, wewe ni nani. Usihangaike kumlipa mchoraji. Mchapishaji akikubali, atatafuta wake. Ukiogopa kuibiwa, fahamu kuwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi tangu inapoandikwa, na ukitaka ushahidi zaidi unaweza kuisajili COSOTA.

Nne, usitie sahihi mkataba siku unapopewa. Uje nao nyumbani, muusome wawili. Tazama mrabaha ni kiasi gani, unalipwa lini, na kama unauza haki zako zote milele.

Tano, ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, na hadithi za watoto nazo zimepata nafasi yake humo. Kushiriki hakuhitaji ujuane na mtu. Ila sikiliza vizuri: inapokea kazi ambazo hazijapata kuchapishwa. Niliposoma sharti hilo nililia. Korosho za bibi zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa, nakala 200, kwa laki nane zangu mwenyewe, na mlango huo nikawa nimeufunga kwa mkono wangu.

NILIPOFIKA

Mswada nilioandika upya niliutuma kwa wachapishaji wawili. Mmoja hajajibu. Wa pili alijibu baada ya miezi saba: hawataichukua, kwa sababu wana vitabu viwili vinavyokaribiana nayo, lakini mazungumzo ya watoto yamewapendeza, nikiwa na kisa kingine niwatumie. Barua nzima ilikuwa na mistari minane. Baba watoto aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye Biblia pamoja na vyeti vya watoto.

Kisa kingine kipo. Kinahusu kijana anayevuka Mto Ruvu wakati wa masika kumfuata fundi wa baiskeli. Nimefika sura ya sita. Siku hizi siandiki kwa kujificha. Jioni baada ya chakula baba watoto anaishika ile kaunta buku na kuwasomea watoto kwa sauti, nami nakaa pembeni na kalamu. Wakianza kusinziasinzia naweka alama hapo. Wakisema "endelea, baba," sigusi kitu.

Mabati ya jiko tuliyapiga mwezi wa nane. Na vitabu vilivyobaki bado vipo chini ya kitanda, kama 40 hivi. Ukipita Dutumi nitakupa kimoja bure. Kurasa 49 hadi 64 nitakusimulia kwa mdomo.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akitujalia.